Shemeji Alisema Miti Imekatwa

Nina miaka arobaini na mbili, ni mama wa watoto watatu, na ninauza nguo za mitumba hapa Suna, mjini Migori. Ukinikuta sokoni asubuhi utanikuta nikicheka na wateja kama mtu asiye na shida yoyote duniani. Lakini ngoja alasiri ifike, upepo uanze kuvuma, nyaya za stima zianze kulia juu ya vibanda... Hapo vidole vyangu hufa ganzi. Nimewahi kumwacha mteja na sketi mkononi nikaenda kujificha kwenye duka la jirani mpaka upepo ukatulia. Jirani hakuniuliza kitu. Watu wengi hapa wanajua kilichotupata, au wanadhani wanajua.

Wasomaji wenzangu, wanachokijua si chote. Ndiyo maana nimeamua kuandika.

Mume wangu anaitwa Ouma. Nilipoolewa naye alikuwa kibarua wa kuchimba mashimo ya nguzo, akapanda cheo hadi akawa nyapara wa genge la watu wanaokata miti na nyasi chini ya nyaya za umeme. Kampuni waliyofanyia kazi ilipewa kandarasi ya Migori na Homa Bay, kwa hiyo wiki hii wangekuwa karibu na mpaka, wiki ijayo wako milimani juu ya ziwa. Alirudi nyumbani akinuka petroli ya msumeno na utomvu wa miti. Harufu hiyo niliipenda. Ilikuwa harufu ya mtu aliyetoka kazini.

Watu waliwachukia. Ni nani anapenda kuona mti wake ukikatwa na mtu aliyevaa kofia ngumu ya plastiki? Waliitwa wezi wa kuni, waliachiliwa mbwa. Ouma hakuwa na hasira nao. Aliketi na mwenye shamba, akamweleza polepole. Kwamba wakati wa kiangazi upepo wa alasiri huyumbisha nyaya, na waya uliolegea ukigongana na mwenzake hutoa cheche. Kwamba tawi likilala juu ya waya huanza kuungua kidogo kidogo kabla mtu hajaona moshi. Kwamba nyasi kavu chini ya nguzo ni kama petroli. Kwa hiyo wao hukata matawi, hufyeka nyasi, hukaza nyaya zilizolegea, hubadilisha nguzo zilizooza. Na palipobaki hatari, siku ya upepo mkali laini huzimwa kabisa mpaka jua litue.

Hata watoto wetu walikuwa wanalijua somo hilo. Na sheria moja aliirudia mezani mpaka tukaichoka: waya ukianguka, usiusogelee, hata kama aliye upande wa pili ni mtu unayempenda.

Ningejua kwamba siku moja sheria hiyo ingeniangukia mimi...

Nyumbani kwao Ouma ni kwenye mteremko wa mlima, upande wa Homa Bay. Pale aliishi mama mkwe wangu, mjane, na mdogo wake Ouma anayeitwa Odhiambo. Mama huyo alinipenda. Mimi nililelewa na shangazi baada ya wazazi wangu kufariki nikiwa mdogo, na siku nilipofika kwake kama bibi arusi alinishika mkono akaniambia kuanzia leo una mama. Aliniita Nyar Suna, binti wa Suna, na kila mara alilitamka jina hilo kama mtu anayeita kitu chake.

Odhiambo alikuwa na akili ya biashara. Alikuwa amenunua mashine ya kuangulia vifaranga, na wateja walikuja kwake kutoka mbali. Mashine ile haikutaka stima ipotee. Ikipotea alasiri nzima, mayai yote yanaharibika. Tena, nyuma ya nyumba ya mama alikuwa amepanda mikaratusi, safu kwa safu, na ilikuwa imeshapata mnunuzi ambaye angekuja kuichukua baada ya mvua. Tatizo ni kwamba laini ya umeme ilipita katikati ya shamba hilo. Miti ilikuwa imekua hadi matawi yakawa yanazigusa nyaya.

Genge la Ouma lilipofika kukata, Odhiambo aliwafukuza kwa panga. Wakubwa wa Ouma walitaka kurudi na polisi. Mume wangu aliwasihi. Aliwaambia pale ni kwa mama yake, wampe nafasi azungumze na ndugu yake. Wakampa. Kiangazi kilikuwa kimeanza, kwa hiyo walimwambia kwamba mpaka miti hiyo ikatwe, laini ya mlimani itazimwa kila siku yenye upepo.

Ilizimwa mara kadhaa. Odhiambo akapoteza mayai. Akapiga simu kulalamika, kisha akapiga tena akiwa mpole. Alisema amefikiria, Ouma ana haki, ataikata miti mwenyewe.

Jioni moja tukiwa mezani alipiga tena. Ouma alikuwa anakula samaki, vidole vina mafuta, akaniambia niweke simu kwenye spika. Nilisikia kwa masikio yangu mwenyewe.

"Omera, ndugu yangu, ile kazi nimemaliza," Odhiambo alisema. "Nimekata yote iliyo karibu na waya. Hata kivuli hakijabaki."

Ouma alifurahi mpaka akasahau kula. Akamwambia asante, ndugu yangu. Kisha akampigia mhandisi wake. Mhandisi alisema ni vizuri mtu afike aone kwanza. Lakini siku hizo genge zima lilikuwa limeitwa upande wa Ogwedhi, ambako wachungaji walichoma nyasi kupata malisho mapya na moto ukala nguzo kadhaa. Hapakuwa na mtu wa kutuma mlimani. Ouma akamwambia mhandisi kwamba aliyekata ni ndugu yake wa tumbo moja, anamwamini kama anavyojiamini mwenyewe. Mhandisi akakubali. Laini ya mlimani ikaondolewa kwenye zile za kuzimwa.

Niulizeni, wasomaji, ni kosa gani hilo? Kumwamini mtu mliyenyonya naye titi moja?

Siku chache baadaye mama mkwe alinipigia. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umevimba tena, hawezi kutembea bila kushika ukuta. Nilifunga kibanda changu, nikanunua dawa ya kuchua na mkate wa kumpelekea, nikasafiri. Nilifika mchana, jua likiwa kali. Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua mtama. Alifurahi kuniona mpaka akataka kusimama, nikamzuia.

Nilipomaliza kumkanda mguu nilizunguka nyuma ya nyumba kutafuta kuni.

Nikasimama.

Miti ilikuwa imesimama! Safu ya mbele tu, ile inayoonekana kutoka barabarani, ndiyo ilikuwa imekatwa. Nyuma yake mikaratusi ilikuwa imejaa kama zamani, na matawi yake yalikuwa yamelala juu ya waya. Palikuwa na tawi moja ambalo gome lake lilikuwa jeusi pale lilipokuwa likisuguana. Chini yake nyasi zilikuwa kavu na zimefika magotini.

Nilimwendea Odhiambo kwenye chumba cha mashine yake. Sikumpigia kelele. Nilimuuliza tu kwa nini alimwambia ndugu yake uongo. Hakukana. Alisema mnunuzi atakuja hivi karibuni, alisema hasara aliyokwisha kupata inatosha, alisema miti hiyo imekuwa pale miaka yote na haijamchoma mtu. Akaniomba nisimwambie Ouma.

Nilimwambia aikate leo, sasa hivi, aite vijana. Akajibu, "Kesho asubuhi, shemeji. Nakuapia."

Kesho... Neno hilo silipendi mpaka leo.

Nilimpigia Ouma. Mteja hapatikani. Nikakumbuka kwamba huko walikokuwa wanasimamisha nguzo, nje ya Ogwedhi, mtandao ulikuwa wa shida. Nikamwandikia ujumbe: miti haijakatwa, nimeiona, wazime stima. Ujumbe ukakataa kwenda, kwa sababu hata kwa mama mtandao ulikuwa unakuja na kupotea. Nikamwambia mama ninatoka kidogo kupiga simu, nikapanda hadi barabarani ambako mtandao hushika. Nilimwacha mlangoni na ungo wake. Aliniambia nisichelewe, chai inakaribia kuchemka.

Barabarani ujumbe ulikwenda. Nikajaribu kupiga tena, bado hapatikani. Wakati huo ndipo niliposikia upepo ukipanda kutoka ziwani. Kila alasiri ya kiangazi hupanda vile, huwezi kuushangaa. Kwanza mabati yalianza kulia, kisha mikaratusi ikainama yote kwa pamoja.

Niliona mwanga wa buluu. Ulikuja mara moja, ukazima, ukarudi. Kisha cheche zikamwagika chini kama zile za fundi wa kuchomelea vyuma. Zilikuwa nzuri kutazama. Mungu anisamehe, kwa sekunde hiyo ya kwanza akili yangu ilizitazama tu.

Halafu nyasi zikashika.

Moto wa kiangazi hautembei, unakimbia. Nilikimbia kuteremka nikipiga ukemi, ile sauti ya kuita watu, na watu wakatoka kila upande na matawi mabichi na mitungi ya maji. Tulipofika langoni tulimkuta jirani mmoja, mzee wa kanisa, amenyoosha mikono akizuia watu. Waya ulikuwa umekatika. Ulikuwa umelala kwenye njia ya kuingia bomani, unarukaruka na kutoa sauti kama mafuta kwenye kikaango.

Upande wa pili wa waya huo palikuwa na nyumba ya mama. Jiko lake lililoezekwa nyasi lilikuwa tayari linawaka.

Alikuwa humo jikoni. Nilimsikia. Hakupiga mayowe, aliita tu, kama mtu anayeita kutoka shambani.

"Nyar Suna! Nyar Suna, uko wapi?"

Mimi nilikuwa nimesimama pale. Nilikuwa ninajua. Miaka yote ya kusikia sheria ile mezani ilinishika miguu kama minyororo. Mwanamke mmoja alinikumbatia kwa nyuma, lakini nawaambia ukweli, hakuhitaji kunishika kwa nguvu. Ninajua kwamba ningeuvuka waya ule, watoto wangu wangekuwa yatima kama nilivyokuwa mimi. Ninajua. Mchungaji ameniambia, Ouma ameniambia, daktari ameniambia. Lakini sauti ile haijui habari hizo. Inaniita bado, na inauliza swali lile lile, niko wapi.

Aliyeingia ni Odhiambo. Alizunguka kwa nyuma, akapitia katikati ya nyasi zinazowaka, akavunja dirisha kwa mikono. Alimtoa mama akiwa amembeba mgongoni. Wote wawili walikuwa wanafuka moshi.

Ouma alipata ujumbe wangu wakati huo huo, aliposhuka mahali penye mtandao. Alimpigia mhandisi, na laini ikazimwa. Watu wakauruka waya na kumwaga maji juu ya majivu.

Mama mkwe aliishi siku chache katika hospitali mjini Homa Bay. Macho yake yalikuwa yamefungwa bandeji. Aliuliza kama Ouma amekula. Aliuliza kama mtama wake umeungua. Siku moja aliomba ashikishwe mikono ya Odhiambo, nayo ilikuwa imefungwa kitambaa hadi viwikoni, akasema mbele ya wodi nzima kwamba anamshukuru Mungu kwa kumpa mtoto aliyeingia motoni kwa ajili yake. Wagonjwa wengine walilia. Odhiambo alilia kuliko wote. Mimi na Ouma tulitazama sakafu.

Alifariki kabla ya wiki kwisha.

Nilimwambia Ouma kwamba sasa tuseme. Alikuwa ameketi kwenye benchi nje ya chumba cha maiti, bado amevaa buti za kazi. Alinijibu kwa sauti ndogo.

"Mama amekufa akijua ana mtoto aliyeingia motoni kwa ajili yake. Nani atamnyang'anya hilo? Wewe nyamaza, Mama Achieng. Odhiambo atasema mwenyewe."

Nikanyamaza. Tulimngoja Odhiambo aseme.

Hakusema kwa wakubwa wa kampuni, waliokuja kuuliza ni nani aliyetoa habari kwamba laini ni safi. Ouma ndiye aliyejibu kwamba ni yeye. Wakamwachisha kazi. Hakusema mazishini, ambako baba yao mdogo alisimama mbele ya jeneza akasema kuna watu wanaojua kusafisha njia ya stima kwa mama za wengine lakini kwa mama yao wenyewe hawakufika. Watu walimgeukia mume wangu. Yeye ndiye kifungua mimba, lakini ulipofika wakati wa kutupa udongo, mtu fulani alimpita na koleo akampa Odhiambo, aliyeishika kwa mikono ya bandeji. Odhiambo aliipokea.

Nilimtazama. Nilisema moyoni, sasa, sasa hivi fungua mdomo... Akatupa udongo, akarudi kukaa.

Je, mngevumilia? Mimi niliuma kanga yangu mpaka ikatoboka.

Baada ya hapo nyumba yangu ilianza kuvunjika bila kelele. Ouma hakulewa, hakunipiga, hakutafuta mwanamke. Alikosa usingizi tu. Na kila alasiri upepo ukianza, alitoka akafuata nyaya kwa miguu, kutoka nguzo hadi nguzo, akitazama juu mchana kweupe kama mtu anayetafuta ndege aliyepotea. Watoto wa mtaani walimfuata wakimcheka. Binti yetu Achieng aliacha kwenda dukani kwa aibu.

Kisha akahamia Osiri, kwenye machimbo ya dhahabu. Nilidhani anatafuta pesa. Nilipomfuata nikamuuliza kwa nini fundi mwenye ujuzi wake anataka kuingia kwenye shimo linaloweza kumfunika wakati wowote, alinitazama kwa mshangao, kama kwamba jibu lilikuwa wazi.

"Kule chini hakuna upepo," aliniambia.

Nilirudi Suna peke yangu.

Ulipokaribia kutimia mwaka tangu mama afariki, Odhiambo alikuja kwenye kibanda changu. Alikuwa amekonda. Vidole vyake vilikuwa vimeshikana kwa makovu, na nilisikia hakuna tena mashine ya vifaranga, aliiuza. Aliniambia hapati usingizi. Aliniambia watu wakimsifu kanisani hutoka nje. Akaniomba nimpeleke kwa ndugu yake. Nilitaka kumfukuza na kumtupia fimbo ya kuangikia nguo. Lakini nilikuwa nimechoka kuwa na hasira, nikaenda naye.

Ouma alitoka shimoni akiwa na udongo mwekundu mwili mzima. Hakuonyesha kushangaa. Odhiambo alianza kulia kabla hajasema. Alisema alikata miti ya mbele tu, alisema alijua Ouma hataenda kukagua kwa sababu anamwamini, alisema yote pale mbele ya vifusi vya mawe huku mashine za kusaga zikinguruma. Mume wangu alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hayo ninayajua, mke wangu aliniandikia siku ile ile," alisema. "Unaniambia mimi wa nini? Kawaambie walionipita na koleo."

Akafunga tochi kichwani, akarudi chini.

Odhiambo alikwenda. Nampa haki yake, alikwenda. Kwenye ibada ya kumkumbuka mama, mbele ya ukoo, mbele ya chifu na kanisa, alisimama akasema alidanganya, na kwamba ndugu yake alibeba lawama isiyokuwa yake. Baba mdogo aliinamisha kichwa. Hakuna aliyeimba, hakuna aliyejua wimbo gani unafuata. Ouma alikuwa amekuja, lakini alibaki amesimama karibu na lango, pale waya ulipokuwa umelala. Alipomaliza kusikia aliondoka kabla chakula hakijagawanywa. Watu walimwita. Hakugeuka.

Nilitamani kuwaandikia kwamba mambo yalinyooka. Hayajanyooka. Kampuni ilimwita arudi kazini, akakataa. Siku hizi hurudi Suna mwisho wa wiki, hula, huzungumza na watoto, mara nyingine hucheka. Upepo ukianza huingia chumbani akafunga dirisha, nami huingia nikakaa naye. Kule mlimani mikaratusi yote imeng'olewa, nguzo mpya ni za zege, nyaya zimekazwa na kutenganishwa. Usalama wote umefika. Mama hayupo.

Mwezi uliopita genge lilipita mtaani kwetu. Mwanamke mmoja, mpangaji wa jirani, alikumbatia mparachichi wake akakataa usiguswe. Vijana walikuwa wameanza kukata tamaa, wanakunja kamba waende. Nilifunga kibanda nikaenda kwake. Nilimsimulia haya niliyowasimulia ninyi, nikiwa nimesimama juani, mbele ya vijana wale na misumeno yao. Aliuachilia mti, akaingia ndani akafunga mlango. Msumeno ulipoanza kunguruma nilibaki pale mpaka tawi la mwisho likaanguka, kwa sababu nilitaka kuliona kwa macho yangu.

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Wakija kukata, waacheni wakate. Wakizima stima siku ya upepo, washeni taa ya mafuta mvumilie. Na mtu akikupigia simu akakwambia kazi imekwisha, hata kama ni ndugu yako, hata kama unampenda, nenda ukaone. Nenda siku hiyo hiyo. Mpendwa wako anaweza kuwa upande wa pili wa waya akikuita kwa jina, akiuliza uko wapi, na wewe ukawa unalijua jibu na huwezi kulisema.